Dada, Nani Amekukata?

Machi 9

Mvua imeanza. Mashuka ya nyumba ya wageni nimeyaanika, nimeyaanua, nimeyaanika, nimeyaanua, na jioni yalikuwa na maji mengi kuliko asubuhi. Dobi hana adui kama wingu. Halafu Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, badala ya kunyoa vichwa vya watu kimyakimya, ameanza tena kupiga ile albamu ya Kasuku. Kutwa nzima. Upande wa kwanza, upande wa pili, anarudia.

Machi 10

Mvua. Kasuku. Mvua. Kasuku.

Machi 12

Daktari wa presha aliniambia, "Mama, ukipandwa na hasira usipige kelele, andika." Basi daktari, hasira zenyewe hizi hapa, na nakuonya kwamba ni nyingi.

Kasuku ni mdogo wangu, tumbo moja. Hilo ni jina la mtaani, alipewa kwa sababu hanyamazi. Tulipokuwa vijana mtaa huu ulikuwa na kikundi cha rege chenye spika ndefu kuliko milango. Maboksi ya spika yalitengenezwa na Seremala, ambaye baadaye alinioa. Fundi Mitambo alirekodi kila kitu katika chumba cha nyuma ya duka la rangi. Mimi niliimba. Kasuku kazi yake ilikuwa kuongea, na asicheke mtu, ilikuwa kazi kweli. Unachukua wimbo, unamtoa mwimbaji, unaacha besi na ngoma na vipande viwili vitatu vya sauti vinavyoelea. Hapo mghani anaingia na kipaza sauti. Anaghani juu ya muziki, anachombeza, anafoka, anacheka, anajibizana na vile vipande. Walioipenda sanaa hiyo waliipenda kufa.

Albamu nzima ile, nyimbo ni zangu. Niliziimba kamili, mwanzo hadi mwisho, kisha nikasafiri kwenda kwa shangazi kujiandaa kwa harusi. Kabla sijarudi, santuri ilikuwa madukani. Jalada zima ni meno ya Kasuku. Mimi nimebaki "Mvua haina..." halafu kimya, Kasuku anaongea. "Mama alinipa..." kimya, Kasuku anaongea. Nimetolewa kwenye nyimbo zangu mwenyewe kama miiba ya samaki, wala jina langu halipo hata kwa maandishi madogo.

Na bado ananikejeli humohumo! Wimbo wa kwanza, pale ninapokatika mara ya mwisho, anauliza, "Dada, nani amekukata?" Mwangwi unarudia: amekukata, amekukata. Mtaa mzima uliudaka msemo huo. Simu ya mtu ikikatika, wenzake husema hivyo. Umeme ukikatika, watoto hupiga kelele hivyo kutoka kila dirisha. Miaka thelathini na ushei naishi na dhihaka hiyo. Sijawahi kuisikiliza albamu yenyewe mpaka mwisho, na mimi na Kasuku tunaonana misibani tu.

Machi 15

Soksi za timu nzima ya mpira. Hazikauki. Zinanuka kama vile timu imefungwa tena.

Machi 19

Leo aliingia binti mmoja, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama ni nguo, mpaka Ijumaa."

"Si nguo, mama. Natoka redioni. Nimeambiwa wewe ni dada yake Kasuku."

Nikaendelea kupiga pasi. Akasema yeye ni mtangazaji, anaandaa kipindi kuhusu albamu kubwa za kughani za zamani, na mvua zikiisha ataipiga ya Kasuku yote hewani bila tangazo hata moja. "Nina swali moja tu, mama. Yule mwanamke anayeimba ni nani?"

Pasi ilikaa kwenye ile kola kuliko inavyostahili. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Wamtakia nini?"

"Bila yeye hakuna albamu. Waghani wengi wanaongea juu ya muziki, basi. Kasuku anaongea na mtu. Ukisikiliza vizuri unasikia anamsubiri, anampisha. Mimi nimekulia na santuri hiyo, mama, baba yangu aliipiga kila Jumapili. Kila nikiisikia najiambia, labda leo huyo dada atamaliza sentensi."

"Huyo dada ni mimi," nikamwambia. "Na sentensi nilizimaliza zote. Kaulizeni huko mlikozipeleka."

Akakaa chini, juu ya kapu la sare zilizolowa, wala hakujali. Akasema kwamba Fundi Mitambo yuko hai, na kama kanda ya mwanzo bado anayo, atazirusha nyimbo zangu nzima, na kwa jina langu. Naliandika hili wazi ili daktari alione: sitaki pole, sitaki sifa. Nataka kuzisikia nyimbo zangu nzima kabla sijafa, na watu wajue koo lililoziimba ni la nani.

Machi 24

Nimevuka barabara kwenda kumkoromea Kinyozi. Alikuwa amemnyoa mteja nusu kichwa. Besi ilikuwa inatikisa vioo.

"Punguza hiyo takataka."

"Mama, takataka? Hii?" Akaweka mkasi chini kama nimemtukania mzazi. "Sikiliza. Mwimbaji anakuimbia, sivyo? Unakaa, unamsikiliza, anamaliza, anakwenda zake. Kasuku anakaa na wewe. Anakohoa. Anakuuliza umekula. Hapa duka zima linamjibu. Siku ambayo hakuna mteja nikiweka hiyo, sijioni niko peke yangu."

"Na huyo anayeimba nyuma?"

"Yupi?" akasema, kisha akafikiri. "Aa, yule. Yule ni kama... yule ni muziki."

Mteja mwenye nusu kichwa akadakia, "Dada, nani amekukata?" wakacheka wote wawili wakagonganisha viganja. Nilitoka pale damu inachemka. Mimi ni muziki! Kama gitaa, kama kinanda, kama debe!

Machi 28

Mume wangu amenifungia kamba za kuanikia ndani, ukuta hadi ukuta, bila kuombwa. Akanichongea na vibanio vipya. Wanawake wa mtaa husema, "Seremala wako hana neno," na ni kweli, hana. Hapigi kelele, halewi, jioni anarudi. Nilimweleza habari za Mtangazaji na kanda. Akasema, "Mambo ya kale hayo, mama watoto. Ukifukua sana unatoa nyoka." Kisha akaenda kulala mapema.

Aprili 1

Mafuriko kidogo uani. Beseni la bluu limekwenda na maji.

Aprili 3

Nimekwenda kwa Kasuku. Sikwenda kwa mapenzi, nilikwenda kugomba. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njia nzima.

Nilijua alipata kiharusi mwaka jana, niliambiwa, nikatuma mashuka safi nikaona nimetimiza udugu. Lakini kuambiwa si kuona. Wifi yangu alinifungulia, akanikumbatia kana kwamba nilikuja jana, akanipeleka chumbani. Yule mtu asiyenyamaza amekaa kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Aliponiona alitoa sauti: "Ma. Ma. Ma." Hiyo tu. Wifi anasema anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki.

Nilikasirika, Mungu anisamehe. Nilikasirika zaidi! Nimekaa na ugomvi wangu miaka yote hii, nimeupiga pasi na kuukunja, na siku naufikisha kwa mwenyewe hana mdomo wa kunijibu. Nikamwambia hivyohivyo. Nikamwambia, "Uliongea na dunia nzima juu ya mgongo wangu, sasa ongea na mimi." Wifi akatoka akatuacha.

Akaanza kuhangaika. Akanyoosha mkono ule mzima, akausukuma mbele, akaurudisha nyuma, polepole. Kisha akakunja ngumi akagonga ubao wa kitanda, ko, ko, ko. Akanionyesha kidole. Tena ko, ko, ko. Machozi yakamtoka. Nikachungulia: mguu wa kitanda umelegea kweli. Nikamwambia, "Haya, nitamleta shemeji yako akigonge misumari." Akafumba macho akageukia ukutani.

Aprili 5

Nimemwambia mume wangu akatengeneze kitanda cha Kasuku. Kasema msumeno hauna meno.

Aprili 8

Kasema mbao zimelowa.

Aprili 9

Kasema mgongo. Mtu huyu alimtengenezea jirani banda la kuku juzi, kwenye mvua!

Aprili 13

Sare za shule zimeota ukungu. Mwalimu mkuu kanifokea mbele ya wateja. Nikamfokea na mimi. Presha sitaki kuipima.

Aprili 21

Nakaa niandike taratibu.

Asubuhi Mtangazaji alinipitia tukaenda kwa Fundi Mitambo. Siku hizi ana studio ya kompyuta ghorofani na anarekodi matangazo ya sabuni. Amezeeka, nywele zimebaki masikioni tu, lakini alinitambua kwa sauti kabla hajaniona. "Dada!" akasema, na palepale uso ukambadilika. Akatukaribisha chai. Akazungumzia mvua. Akazungumzia bei ya mabati. Mtangazaji akamuuliza kuhusu kanda.

"Kanda ninayo," akasema, akatoa kopo la biskuti, na ndani yake ile kanda nene imefungwa kwa nailoni. Nilitaka kuibusu. "Lakini dada, nisikudanganye. Nyimbo zako nzima hazimo."

Akaeleza. Mashine yake ya zamani ilikuwa na njia nne tu. Ngoma na besi njia moja, gitaa ya pili, kinanda ya tatu, sauti ya nne. Kanda nyingine hakuna aliyekuwa nayo. Sauti ya Kasuku aliirekodi kwenye njia hiyohiyo ya nne, juu ya yangu. "Alipoongea, ulifutika. Alipofunga mdomo, ulibaki."

Mtangazaji akasema, "Kwa hiyo vile vipande vya mama..."

"Ni pale Kasuku alipokataa kuongea."

Hilo halikuniingia vizuri wakati huo. Mimi nilikuwa na swali langu. "Nani alisema nifutwe?"

"Dada, yamepita."

"Nani?"

Akautazama mlango. "Shemeji."

"Shemeji gani? Una mashemeji wangapi kwangu?"

"Mumeo. Seremala."

Alivyonieleza ni hivi. Wiki kadhaa kabla ya harusi, mimi niko kwa shangazi, Seremala alikwenda studio na mkokoteni. Akasema maboksi ya spika ni yake. Akasema haoi mwanamke ambaye walevi watacheza kwa sauti yake. Ama sauti ifutwe yote, ama anapakia maboksi yake, kikundi kife, na harusi hakuna. Fundi alikuwa tayari ameweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Ndipo Kasuku akasema, "Usifute. Nitaongea juu yake." Seremala akaona ni sawa, mradi nisisikike. Akavuta kiti akakaa mlangoni, akasimamia kazi mpaka mwisho kama anavyosimamia mbao zake.

"Kasuku akaongea," Fundi akasema. "Na kila alipoweza, alinyamaza. Neno moja, maneno mawili, anakuacha unapita, halafu Seremala akikunja uso anaingia tena. Ule mstari wa nani amekukata aliusema akimtazama mumeo machoni. Mumeo akadhani ni mbwembwe. Watu wote wamedhani ni mbwembwe."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Kasuku alisema ukijua utaivunja harusi, na ulikuwa tayari na mimba. Alisema, dada ana akili, siku akiisikiliza ataelewa mwenyewe."

Nilisimama nikakigonga kikombe kikaanguka. Eti nisikilize! Mtu akuibie nyumba halafu akwambie ramani ya mwizi iko kwenye wimbo! Mdomo alikuwa nao, wa kusema na kila baa, kila kinyozi, kila mtoto dirishani, ila kwangu mimi akaweka fumbo. Wanaume watatu walikaa chumba kimoja wakaligawana koo langu, mmoja akatoa amri, mmoja akabonyeza kitufe, mmoja akaficha siri kwa wema wake. Wema gani huo? Nani alimtuma aiokoe ndoa yangu? Angenipa niamue mwenyewe, hata kama ningeamua vibaya.

Fundi aliinama kuokota kikombe. Mtangazaji, mtoto mwenye adabu, hakusema pole. Alinivalisha hedifoni akasema, "Mama, isikilize mara moja. Ukitaka kuvunja kitu baadaye, tutavunja pamoja."

Nikaisikiliza. Yote. Besi inaingia kama mtu mzito anayetembea chumba cha pili. Ngoma inapiga pale usipoitegemea. Kasuku anacheka kwanza, kile kicheko chake cha kitoto, anasafisha koo, anaanza kuwasalimia watu wa mtaa, mama wauza mkaa, wabeba zege, wanaodaiwa kodi. Hapo nikajua Kinyozi anapenda nini. Hakuna anayebaki nje, kila mtu anaitwa. Kisha naingia mimi. Sikumbuki kama nilikuwa na sauti ile. "Mvua haina..." Na Kasuku anaipisha, anasubiri, besi inatembea peke yake, halafu anasema kwa upole kabisa, "Haina nini, dada? Waambie." Wimbo wa pili ninasema "Mama alinipa..." na yeye anasema, "Alikupa, nilikuwepo, niliona." Wimbo kwa wimbo ananijibu. Anapokwenda kasi anakimbizana na kitu, na kila anapofika penye mstari wangu mzuri anakata maneno yake katikati ili nipite. Wanaosema hanyamazi hawajawahi kuhesabu anavyonyamaza humo.

Sauti yangu ya ujana haipo popote duniani isipokuwa katika albamu niliyokuwa naikimbia. Na wanaoijua wanaijua kwa sababu yake yeye, niliyemnunia mpaka ulimi ukamfia. Nilivua hedifoni nikalia kwa hasira, si kwa kitu kingine, naomba ieleweke.

Ko, ko, ko. Hakuwa anaomba kitanda. Alikuwa ananionyesha msumeno na nyundo.

Aprili 22

Nilimngoja mume wangu amalize kula. Nikamuuliza, "Ulikwenda studio na mkokoteni?"

Hakuuliza studio gani. Akajifuta mikono, kidole kimojakimoja. "Fundi Mitambo hajui kuzeeka na siri."

"Jibu."

"Nilikwenda. Ulikuwa mchumba wangu. Ulitaka nikae nyumbani huku wanaume wasiokujua wanashikana viuno na sauti yako?"

"Nyimbo zile zilihusu mvua! Na mama yangu!"

"Wao hawakusikia maneno, walisikia mwanamke." Akasema kwa utulivu uleule anaosemea bei ya mlango. "Nimekukosea nini tangu siku hiyo? Nimekujengea nyumba. Sijakuinulia mkono. Mwanao amesoma."

Huo ndio ulioniua, ule utulivu. Maana nikakumbuka nani alikuwa wa kwanza kuniletea ile santuri. Ni yeye. Alikuja kwa shangazi nayo kwapani, akasema, "Pole. Mdogo wako amekutoa, tamaa ya jina imemzidi." Akaja na leso ya kunifutia machozi. Nikalia kifuani mwake! Nikamshukuru! Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu, ndugu yangu aliniuza lakini Mungu alinipa mume. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi dobi nguo hizo nimezifua mwenyewe kwa mikono yangu.

Nikamwambia, "Kunikata, ningeweza siku moja kukusamehe, ulikuwa kijana mjinga mwenye wivu. Lakini ulinipa mdogo wangu nimchukie badala yako. Ukakaa ukatazama. Kila msiba nilipompita bila kumsalimu, ulikuwa umesimama pembeni yangu umeshika mwavuli."

"Sasa unataka nifanye nini?" akasema.

"Useme. Siku ya kipindi, redioni, useme uliyoyafanya."

"Mimi? Mbele za watu?" Akacheka kidogo, si kwa dharau, ila kwa mshangao kabisa, kama mtu aliyeombwa atoke bila nguo. "Mama watoto, watu wananiheshimu."

Nikachukua godoro la mgeni nikatoka.

Aprili 23

Nahamia chumba cha pasi. Kuna joto, kuna ukavu, hakuna mtu mtulivu.

Aprili 27

Binti yangu kapiga simu. "Mama, ni kweli unamwacha baba kwa ajili ya wimbo?" Nikamwambia ni nyimbo, si wimbo. Akasema, "Nisimulie." Nilimsimulia mpaka salio likaisha.

Aprili 30

Seremala amekuja dukani na fuko la mashati yake. Akasimama kwenye foleni nyuma ya mama wa nyumba ya wageni. Nikamkatia namba kama mteja mwingine.

"Yatakuwa tayari lini?" akauliza.

"Mvua ikiruhusu."

Akabaki amesimama, namba mkononi. Nikaita, "Anayefuata!"

Mei 4

Nimekwenda tena kwa Kasuku. Safari hii nilimgombeza vizuri, kwa hoja. Nikamwambia nimejua yote, na nina hasira naye bado, za kutosha kumaliza masika haya na yajayo. Nikamwambia hakuwa na haki ya kunihurumia. "Ningekuwa mimi ningekwambia, hata kama nyumba ingeungua." Alinisikiliza, macho kodo. Wifi kwenye mlango kashika mdomo. Nilipomaliza pumzi, akainua ule mkono mzima akaupeleka kifuani, akaugonga mara moja, akainamisha kichwa. Akakubali kosa, kwa kifupi kuliko alivyowahi kusema chochote maishani mwake.

Nikamlisha uji. Ukamwagika nusu kwenye shati. Shati nimekuja nalo, nimelifua, limekauka, ajabu.

Mei 9

Mtangazaji kaniuliza, "Mama, kwa nini usiziimbe upya?" Fundi ana muziki wote kwenye zile njia tatu, safi. Nikamwambia koo hili ni la bibi sasa. Kasema, "Basi aimbe bibi."

Mei 10

Najaribu nikipiga pasi. Juu sifiki. Mbwa wa jirani kaondoka.

Mei 13

Fundi kasema anaweza kushusha muziki uje chini nilipo. Asije akanionea huruma na yeye! Nikamwambia ashushe.

Mei 17

Kinyozi kavuka barabara, kavua kofia. Mtangazaji kamwambia yule mwimbaji ni mimi. "Mama, mimi nilisema wewe ni muziki." Nikamwambia nakumbuka. "Nimekuwa nikiisikiliza upya tangu jana. Sasa siwezi kunyoa, nakungoja wewe tu uingie." Kisha akaomba radhi vizuri, kwa maneno kamili. Nikampa taulo zake bila kumkaripia.

Mei 22

Jua, asubuhi nzima. Nimefunga duka siku ya jua, dobi gani huyu. Tulikodi gari tukampakia Kasuku kwenda studio kwa Fundi, wifi kamshika kiunoni, ngazi za ghorofa tulipanda kwa kupumzika kila sakafu. Alitaka kuja. Tulipomuuliza aligonga kiti mpaka tukakubali.

Sikuwa na matumaini na mtu yeyote. Seremala alipitiwa na Mtangazaji mwenyewe kuombwa aje kusema. Alimtengenezea kiti kibovu cha gari lake, akamwambia ana kazi. Basi jina langu nikalisema mwenyewe kwenye kipaza sauti, langu, la baba na la babu, nikaishia hapo. Nikaeleza kilichotokea, na nani, bila kupaka rangi. Fundi Mitambo akainama wakati naeleza sehemu yake, lakini hakuizima mashine.

Kisha akaweka ngoma na besi. Kasuku alikaa kando yangu, wifi kamwekea kipaza sauti cha pili mkononi kwa sababu alikuwa anakinyooshea mkono kama mtoto. Niliimba. Sauti imekwaruza, imeshuka, ina mvuke wa pasi ndani yake, lakini ni yangu na ilitoka nzima. "Mvua haina bwana, hainyeshei paa moja." Niliifikisha mwisho. Ubeti wa pili nikaufikisha mwisho. Besi ikabaki inatembea peke yake, pale ambapo zamani ni mahali pake yeye, na mwili wake ukajua.

"Ma," akasema. "Ma. Mmmva. Ma, ma, aa."

Ilikuwa mbaya. Mate, kukoroma, haifuati mapigo, haina neno. Kupitia kioo nikaona mkono wa Fundi Mitambo unakwenda kwenye vile vidude vya kusukuma, kwenye kile cha Kasuku, kukishusha taratibu mtu asijue. Kwa adabu kabisa. Kwa kutuhurumia.

"Mwache!" nilipiga kelele katikati ya wimbo, na kelele hiyo imeingia, itarushwa hewani hivyohivyo. "Ondoa mkono! Usimguse! Mwache aseme!"

Fundi akainua mikono yote miwili juu. Besi iliendelea. Kasuku alinitazama, akavuta pumzi, akaendelea, na mimi nikamsubiri mpaka akamaliza.